Prof wa Jeo na Mianga ya Kaskazini

Prof wetu wa Jeo, yaani mwalimu wa jiografia, hapangusi ubao kama walimu wengine. Wengine wanafuta haraka haraka, vumbi la chaki linatujia puani. Yeye anafuta nchi kwa nchi. Kama somo lilikuwa Amerika ya Kusini, anaanza na Chile, anapanda polepole, na Brazili anaiacha mwisho kwa sababu, anasema, ni kubwa na haipendi kufukuzwa. Tukichelewa kunakili tunapiga kelele, "Prof, bado Ajentina!" Naye anasimama, kitambaa mkononi, anaisubiri Ajentina kama mtu anayemsubiri mgeni amalize kufunga viatu.

Naandika juu yake kwa sababu kwa mdomo siwezi. Nikiwa mbele ya watu maneno yananikimbia kama kuku waliofunguliwa mlango. Jina lake sitaliandika, na hata hivyo hakuna anayelitumia. Kalundu nzima, mtaa wetu wa bandari hapa Uvira, inamwita Prof wa Jeo: wapagazi wa bandarini, wauza mafuta, hata imamu wa msikiti wake, na wengi wao hawajawahi kukanyaga darasa lake.

Na sisi, yeye ndiye anayetupa majina. Siku ya kwanza ya mwaka anapita kati ya madawati akitutazama kama mtu anayechagua nyanya sokoni, halafu anabatiza. Mvulana anayecheka kwa nguvu akawa Nyiragongo, ule mlima wa moto. Msichana mrefu kutoka Luvungi, anayekaa kwa shangazi yake ili asome, akawa Ruwenzori. Mapacha wawili waliokuwa wakigombania kalamu wakawa Ruzizi, mto wa mpakani, wote wawili jina moja, kwa sababu pale walipo pana mpaka. Alipofika kwangu nilikuwa nimeinamisha kichwa mpaka pua inagusa meza.

"Na huyu? Huyu hasemi?"

"Prof, huyu ndiyo iko hivyo," Ruwenzori akanijibia. "Anaongea na kalamu."

"Basi huyu ni Pasifiki. Bahari kubwa kuliko zote, na haipigi kelele."

Darasa likacheka, lakini safari hii sikutamani kuingia chini ya meza. Nyumbani mama aliponiuliza leo mmesoma nini, nikamwambia nimekuwa bahari. Akasema vizuri, bahari iende ikachote maji.

Ramani ya dunia iliyo ukutani mwa darasa aliichora mwenyewe, kwa rangi zilizobaki kwa watu wanaopaka boti. Ndiyo sababu bahari zetu zote zina rangi ya boti za Kalundu, na Urusi ni nyekundu yenye kutu. Ziwa Tanganyika amelichora likakaribia ukubwa wa Mediterane. Siku moja inspekta alikuja, akaisogelea ramani, akavua miwani, akaivaa tena.

"Prof, hii ziwa mbona kubwa namna hii? Vipimo umefuata vya wapi?"

"Bwana Inspekta, Mediterane tunaisoma tu. Hii tunaikunywa."

Inspekta aliandika kitu kwenye karatasi zake. Mpaka leo hatujui ni nini, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Na mtu huyohuyo, aliyelichora ziwa kubwa namna hiyo, hapandi mtumbwi. Hapandi boti, hapandi kitu chochote kinachoelea. Alitufundisha kwamba ziwa letu ni la pili duniani kwa kina, na tulipomuuliza kwa nini anaogopa, akasema: "Wale wanapanda kwa sababu hawajui kina. Minye nakijua." Akitumwa kwenda mji wa Baraka kusimamia mitihani, wenzake wanapanda boti, wanafika, wanaoga, wanakula samaki. Yeye anapita barabarani juu ya lori la unga, anafika jioni mweupe kama mzimu, na kabla ya kusalimia anauliza kama maji yamechafuka.

Sukari ni habari nyingine. Daktari alimkataza, na binti yake anampigia simu kutoka mbali kumkumbusha. Mbele ya watu anakunywa chai kavu, bila sukari, na uso wa mtu mwenye imani. Lakini pipi anazificha ndani ya boksi la chaki. Tulijua siku alipochukua kipande cheupe, akageukia ubao kuandika "Ikweta", akasugua, akasugua, ubao haukushika kitu. Alikitazama kile kipande, akakitia mdomoni, akasema, "Ikweta haionekani, ni mstari wa kufikiria tu." Akaendelea na somo.

Mkono wake ni mgumu katika kutoa alama, lakini hafokei mtu. Mwaka jana nilipata sifuri katika zoezi la mikondo ya bahari, na chini yake aliandika: "Sifuri ni mahali, si jina lako. Hama." Nilihama. Nadhani ni yeye peke yake katika shule yetu ambaye akikupa sifuri unarudi nyumbani unatabasamu.

Sasa nije kwenye ile safari.

Binti yake anaishi kaskazini kabisa ya Norwe, yeye na mume wake na mtoto wao mdogo. Anapika katika nyumba wanamotunzwa wazee. Mke wa Prof alishafariki, kwa hiyo simu ndiyo ukoo wake. Mwaka jana, baada ya Pasaka, binti alimtumia video, na kesho yake Prof akaingia darasani hajashika kitabu, ameshika simu. Ilipita mkono kwa mkono. Juu ya nyumba za watu, mbingu nzima ilikuwa inatembea, kijani na zambarau, kama kuna mtu anakung'uta kitenge juu ya paa la dunia.

"Prof, hii ni filtre, rangi za kutiwa na simu," Nyiragongo akasema. "Siku hizi kila kitu ni filtre."

"Na mimi ndivyo nilimwambia binti yangu," Prof akajibu. "Amekasirika mpaka sasa."

Tukacheka. Yeye aliirudisha simu mfukoni, akakaa juu ya meza yake, kitu ambacho hafanyi kamwe.

"Sikieni. Amazoni sikuiona. Siberia sikuiona. Jangwa la Gobi nyinyi mnalijua kwa mdomo wangu, minye nalijua kwa mdomo wa mwalimu wangu, na yeye sijui alilitoa wapi. Maisha yangu yote nimefundisha dunia kama muntu anayetangaza mpira ambao hajaangalia. Karibu napumzika kazi. Nataka kitu kimoja. Kimoja tu. Nisimame hapa niseme: ile, watoto wangu, nimeiona."

Binti na mumewe waliahidi tikiti, ya mara moja. Viza nayo ingekuwa ya kuingia mara moja. Tulielewa wote kwamba mlango huo, ukifunguka, hautafunguka mara ya pili.

Prof akachagua mwezi wa saba, na hakuna aliyeshangaa. Huku kwetu safari ni ya kiangazi, kama vile ubwabwa ni wa sikukuu. Mvua zikinyesha mto Mulongwe unatoka kitandani mwake, unaingia kwenye vitanda vya watu, barabara inakatika, na mgeni uliyemuaga Jumatatu unamkuta Jumatano bado amekaa kwako na mizigo. Mwezi wa saba barabara ni kavu, mbingu ni safi, na sisi tuko kwenye vakansi, ile likizo kubwa. Harusi, misiba iliyoahirishwa, kwenda kuona mama mkwe, vyote tunavitupia huko. Prof alisema "mwezi wa saba", mtaa mzima ukajibu "ndiyo, vizuri", na maandalizi yakaanza.

Kwanza koti. Katika chaguwa, pale soko la mitumba, kulikuwa na mama mmoja ambaye ndani ya furushi lake lilitoka koti la watu wa theluji, rangi ya machungwa, nene kama godoro. Alikaa nalo tangu mwaka uliopita. Nani atavaa godoro Uvira? Siku Prof alipoligusa, yule mama alipiga kigelegele mpaka wauza viatu wakaja kuangalia.

"Prof, hii koti ilikuwa inakungojea weye!"

"Mama, hii koti ilikuwa inakutesa weye."

"Lichukue! Ukilirudisha minye nahama mji!"

Alilivaa nyumbani kila jioni ili alizoee. Jirani zake walimkuta barazani anatoka jasho, shingo inang'aa, anasoma gazeti. Alijaribu kusali nalo, lakini kwenye kusujudu koti lilikuwa linamrudisha juu kama mpira. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia, akatuonyesha pale mbele ya ubao namna lilivyomrudisha, na Nyiragongo alicheka hadi akatolewa nje anywe maji.

Halafu akataka kuijaribu baridi yenyewe. Mama yangu anauza samaki Kalundu, na umeme ukiwepo anahifadhi sangala wake katika chumba cha barafu karibu na gati. Prof alimwomba ruhusa. Nilikuwepo, nimeshika beseni. Mlinzi wa chumba alimtazama Prof aliyevaa koti la machungwa, kofia ya sufu na soksi mikononi, kwa sababu glavu zilikuwa hazijapatikana.

"Mzee," akasema, "huku samaki wanaingia wakiwa wamekufa. Weye unaingia muzima?"

"Nifungulie. Nikigonga, nitoe."

Akaingia. Tulisubiri nje. Wapagazi waliacha magunia wakaja kusimama nasi, wengine wakaanza kubishana kama atagonga kabla au baada ya mwito wa adhuhuri. Mama alisema tu, "Asiniharibie sangala." Baadaye mlango uligongwa kwa heshima, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Prof akatoka, miwani imekuwa nyeupe, masharubu yamesimama.

"Namna gani, Prof?"

"Inawezekana," akasema, meno yanagongana. "Lakini kule natumaini hakunuki hivi."

Watu nao walikuwa na maneno yao juu ya mianga ya kaskazini, ile ya kwenye video. Shemasi wa kanisa letu alisema ni dalili za siku za mwisho. Prof akamjibu kwamba basi siku za mwisho ni nzuri sana, aje naye. Muuza mafuta alitaka kujua wanalipisha kiasi gani kuiangalia. Akaambiwa ni bure. Akafikiri sana. "Bure? Basi kuna kitu wanaficha."

Na mimi katika furaha ile nilikuwa nimefurahi kuliko wote, mpaka siku ya somo la chungwa.

Somo la chungwa tunalipata kila mwaka. Prof analichoma chungwa kwa kijiti, analiinamisha, Ruwenzori anashika tochi kwa sababu ni mrefu na anatosha kuwa jua. Chungwa linazunguka, tunaona mchana na usiku. Halafu Prof anaonyesha kichwa cha chungwa kilichoinamia tochi. "Angalieni hapa juu. Nazungusha. Inatoka kwenye mwangaza? Haitoki. Kule kaskazini kabisa, mwezi wa sita na wa saba, jua haliendi kulala. Andikeni." Tukaandika. Nilikuwa nimeandika nusu ya sentensi kalamu ikasimama.

Mianga inataka giza. Hilo pia alitufundisha yeye, wiki chache nyuma. Na anakwenda mwezi wa saba.

Niliinua kichwa nikamtazama. Alikuwa anamenya dunia ili atugawie vipande, ana furaha tele. Nilitafuta usoni mwake kama anatania. Hatanii. Kichwani mwake lile somo lilikaa chumba kimoja na safari chumba kingine, na ukuta katikati. Nilifikiri sana kwa nini, na nadhani ni hivi: mtu aliyezaliwa kwenye ukingo huu wa ziwa, giza kwake ni kama mtoto wa jirani. Linakuja kila siku saa ileile wakati wa kupika, masika na kiangazi, halijawahi kukosa. Unaweza kufundisha miaka yote kwamba mahali fulani haliji, na bado ukipanga safari hukumbuki kuuliza kama litakuwepo.

Ningesema pale darasani? Mimi? Mwalimu wa jiografia, mbele ya wanafunzi wake, asahihishwe jiografia na msichana asiyeweza hata kuomba ruhusa ya kutoka? Nilikula kipande changu cha dunia nikanyamaza. Jioni nikamwambia mama, aliyekuwa anakwangua samaki uani.

"Mama, Prof amekosea safari yake."

"Nani amekosea?"

"Prof."

"Mutoto hasemi mukubwa amekosea."

"Lakini ataenda bure, mama. Mwezi wa saba kule hakuna giza. Hataona kitu."

Mama akashusha kisu. "Hakuna giza namna gani? Watu wanalala saa ngapi?"

"Wanafunga mapazia."

"Masikini." Alifikiri kidogo juu ya watu wale na mapazia yao, halafu akachukua samaki mwingine. "Basi usimuambie. Muulize. Mukubwa hasahihishwi, anaulizwa. Lakini chagua swali yenye iko na mulango, apate kutokea mwenyewe."

Nilitafuta swali lenye mlango siku nyingi. Mengine yalikuwa na dirisha tu. Binti yake alikuwa amesharudisha jibu la furaha kuhusu tarehe, barua ya mwaliko iko njiani, na Prof alisema wiki itakayofuata ataanza mambo ya viza. Nikajua nikiendelea kuona haya, haya zangu zitamgharimu yeye.

Nilimkuta barazani kwake, saa ya kupika. Mama alinipa samaki wawili wa kumpelekea, ili nisionekane nimekuja na swali tupu. Sanduku lilikuwa wazi mkekani, koti limejaa ndani yake peke yake. Nyuma yetu jua lilikuwa linagusa milima, na kivuli cha milima kimeshaingia majini, kinavuka kuelekea Burundi.

"Prof, niko na swali."

"Pasifiki iko na swali! Subiri nikae vizuri." Akakaa vizuri kweli, akarekebisha kofia yake iliyotariziwa.

"Kule Norwe, mwezi wa saba..." Maneno yakaanza kukimbia. Nikayashika miguu. "Magharibi utasali saa ngapi?"

"Kama hapa, mutoto wangu. Saa kumi na mbili na... hapana, kule zinabadilika kidogo. Jua likishazama tu, nasali."

"Ndiyo, Prof. Litazama saa ngapi?"

Akanitazama mimi, akatazama milima, akavua kofia polepole na kuivalisha ngumi yake. Akaiinamisha kidogo kuelekea jua. Akaizungusha. Akaizungusha tena, kwa uangalifu, na kile kichwa cha kofia, pale juu penye nakshi ya nyota, kikabaki kwenye mwangaza, na kikabaki, na kikabaki.

Niliogopa. Niliangalia samaki wangu.

Kisha nikasikia sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Mke wa jirani akatoka mbio, "Prof! Ni pipi?" Haikuwa pipi. Alikuwa anacheka. Alicheka akiwa ameinama, kofia bado iko ngumini, machozi yanamtoka, akijaribu kusema kitu na kushindwa. "Chungwa!" akasema mwishoni. "Kila mwaka! Kila mwaka namenya chungwa!" Na akaanza upya.

Akampigia binti yake palepale, sauti wazi, mimi na jirani tunasikia.

"Mwanangu, mwezi wa saba kwenu, giza inaingia saa ngapi?"

"Baba, haiingii."

"Na mianga nitaionea wapi?"

"Baba, minye nilidhani unakuja kutuona sisi."

"Nyinyi pia! Lakini mbona hukuniambia?"

"Baba!" Sauti ya kule ikaanza kutetemeka kwa kicheko. "Weye ndiye ulinifundisha! Nani atamwambia Prof wa Jeo? Nilisema labda unajua kitu."

Mwito wa magharibi ulipopanda kutoka msikitini bado alikuwa anajifuta macho. Aliingia kutawadha, akageuka mlangoni. "Pasifiki. Lile swali nani alikufundisha?"

"Mama."

"Muambie mama, kuanzia leo nanunua samaki kwake peke yake."

Kesho yake alilisimulia darasa zima, hakuficha kitu. Mimi nilitamani aruke sehemu yangu. Hakuruka. Nyiragongo alipiga meza kama ngoma. "Nina mwanafunzi," Prof akasema, "ambaye amenitoa shimoni kwa adabu hata sikujua kama nilikuwa shimoni."

Ikabaki kazi nyingine, maana giza la kaskazini liko Januari, na Januari sisi tuko darasani. Prefe, mkubwa wa shule, hakupenda. Mwalimu kuondoka katikati ya mwaka, nani atafundisha? Tulikwenda kwake wajumbe. Maneno niliyaandika mimi, akayasema Ruwenzori. Prefe alisikiliza, akauliza kama kweli tuko tayari kusoma kila Jumamosi mpaka Noeli ili saa za Prof zisipotee. Jumamosi! Wakati wa mpira! Nyiragongo alimeza mate, akasema, "Kwa Prof, ndiyo." Na kweli Jumamosi hizo tulimaliza Asia yote na nusu ya Osheania. Shida mpya ya Prof ikawa moja tu: sasa jua la kule halionekani kabisa, adhuhuri ataisali saa ngapi? Binti akamtuliza kwamba msikiti wa kule wana ratiba yao, hawangojei jua.

Siku ya kuondoka mvua ilikuwa imenyesha kama tulivyojua itanyesha. Mulongwe umekula barabara. Tulimsindikiza shule nzima, na pale penye maji mpagazi mmoja wa Kalundu akambeba mgongoni. Ndiyo picha niliyobaki nayo: Prof wa Jeo juu ya mgongo wa mtu, ndani ya koti la machungwa, miguu imekunjwa juu, macho yamefumbwa kwa sababu chini yake kuna maji, na sisi tunaimba. Ng'ambo akashushwa, akafumbua macho, akapunga mkono, akaingia kwenye taksi ya kwenda mpakani.

Tulikaa wiki nyingi bila yeye. Binti yake alituma picha moja tu, Prof na mjukuu kwenye theluji, na mbingu nyuma yao imeziba kwa mawingu. Darasani hakuna aliyeuliza kwa sauti. Prof wa Historia, aliyemshikia vipindi vyake, alifuta ubao wote kwa mara moja, na tukamchukia kidogo bila sababu.

Alirudi katikati ya wiki, sikujua. Nilikuwa napanda kutoka bandarini mchana, beseni la mama kichwani, nikamwona mbele ya duka la muuza mafuta. Amenenepa kidogo. Nikasimama. Nilitaka kumuuliza, na nikaogopa jibu.

"Pasifiki! Mbona unaniangalia kama sifuri?"

"Prof... umeiona?"

Alishusha begi lake. Nilizoea kwamba kwa kila kitu ana maelezo, chembe za jua, sumaku ya dunia, sasa nikangoja chembe na sumaku.

"Mawingu," akasema. "Kila siku mawingu. Nimekaa dirishani kama muntu anayengoja mashua. Binti yangu analia kwa siri jikoni, ananionea huruma. Nikasema, basi, nimewaona wao, inatosha. Na ilikuwa inatosha, sikudanganyi. Halafu karibu na mwisho, kabla ya chakula cha jioni, nimetoka nje na mjukuu kutupa takataka. Takataka, Pasifiki! Na koti sikulivaa. Nikainua macho."

Alinyanyua mkono wake taratibu, akausogeza hewani toka upande mmoja wa barabara mpaka upande mwingine, akaushusha.

"Kila kitu nilichowafundisha kilinitoka kichwani. Kimoja hakikubaki. Unajua nilifanya nini? Nilipiga kelele. Nilikimbia kwenye theluji na viatu vya ndani napiga kelele, mpaka wazungu wakafungua madirisha. Mjukuu wangu ananivuta shati, 'Babu, unaita nani? Mama iko ndani, si huku.' Na minye nimegeukia huku, kusini. Nilikuwa naita nyinyi."

Beseni lilikuwa linavuja maji ya samaki mgongoni mwangu, nikaliacha livuje.

"Uliitaje, Prof?"

"Hivi." Akashika mdomo kwa mikono yote miwili, pale barabarani, katikati ya mchana wa Kalundu, akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia darasani: "Mukuyeee! Mukuye muone! Mukuye wote muone!"

Na wakaja. Muuza mafuta alitoka dukani na mpira wa kunyonyea mafuta mkononi. Wapagazi walitua magunia. Wanawake walitoka uani na watoto mgongoni, kinyozi akatoka na mteja aliyenyolewa upande mmoja, na wote, kwa kuwa Prof alikuwa bado anatazama juu, wakatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, hamna hata mwewe.

"Iko wapi?" mama mmoja akauliza, ameweka kiganja juu ya macho. "Prof, ni nini? Iko wapi?"

Prof alikuwa anacheka, hawezi kusema. Watu wakanigeukia mimi, barabara nzima, na mimi nikajibu kwa sauti ambayo hata kinyozi aliyesimama nyuma aliisikia:

"Iko mbali, mama, kaskazini kabisa. Lakini Prof ameiona!"